Mifupa ya Sungura wa Mwisho

Mambo haya yalimpata rafiki yangu Malachi Shecapio, Mkrii mwenzangu, mtu wa misitu ya kaskazini yenye theluji. Mwaka huo sungura waliokuwa wamejaa msituni walikwisha ghafla, kama wanavyokwisha kila baada ya miaka kumi hivi, na kambini mkewe na watoto walishinda na njaa. Malachi alinasa mmoja tu. Walipokwisha kumla, hakuifunga mifupa kwa utepe na kuitundika mtini kama ilivyo desturi yetu, ya kumheshimu mnyama ili wenzake warudi. Aliwatupia mbwa.

"Shemeji, umetumaliza," alisema Ebenezer Matoush, ndugu wa mkewe.

"Mbwa wakifa, sleji ya kubebea mizigo thelujini utaivuta wewe?" Malachi akajibu.

"Afadhali nivute. Wewe hata aibu huna."

"Basi kaa hapo na aibu yako, uone kama inapikika."

Kesho yake alasiri, giza la mapema la majira ya baridi likianza kuingia, Malachi alikwenda peke yake kukagua mitego. Theluji haikuwa na alama ya mguu wowote. Akasikia kishindo kidogo, kama sungura apigavyo mguu chini kuwaonya wenzake. Kikajibiwa nyuma yake, kisha kila upande, mpaka theluji ikadondoka matawini. Aliposimama, kimya.

Tanzi la mtego wa kwanza lilikuwa limekaza. Alilipapasa gizani akiwafikiria watoto, akitarajia manyoya. Mkono ukagusa mifupa mitupu, ya sungura mzima, imefungwa pamoja kwa utepe kama tunavyofunga sisi. Ilikuwa imetafunwa, na katika baridi ile kali ilikuwa imelowa mate ya mbwa, yangali na joto.