Marehemu Aliomba Utamu

Gaétan Blouin alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi ya ghala la viazi, kisogo kimepasuka. Inspekta Maryvonne Tanguay alikipima kidonda kwa macho, akapanda tena jikoni. Kidonda kilikuwa chembamba na kirefu. Ngazi haipasui mtu hivyo.

Dhoruba ya theluji ilikuwa imeshafunga kisiwa. Feri iliyomleta ndiyo ilikuwa ya mwisho. Basi akabaki amenaswa kwenye nyumba ya kina Pronovost, pamoja na maiti, na watu wawili ambao mmoja wao alikuwa muuaji.

Rose-Aimée, shemeji wa mwenye nyumba, alikuwa akilia ndani ya aproni.

"Ulimkuta hai?"

"Hai, Inspekta. Akasema neno moja tu. Ladouceur."

"Ladouceur, yaani utamu?"

"Ndivyo nilivyoelewa! Nikajua maskini anataka kitu kitamu. Nikakimbilia shira ya mti wa maple. Kurudi, kashakata roho." Alipenga kamasi. "Mtu anakufa, mimi namkorogea shira. Mjinga gani mimi!"

"Alikuja kufanya nini hapa?"

"Kufuatilia ukoo. Shemeji anataka karamu ya miaka mia tatu na hamsini tangu Pronovost wa kwanza atue kutoka Ufaransa. Blouin alikuwa na utani wake, kumwita kila mtu kwa jina la kupanga la babu yake wa kale. Mimi aliniita Lafleur, yaani Ua. Nikimpa supu ya njegere, 'Ahsante, Ua langu!'"

Inspekta aliacha kuandika. Marehemu hakuomba utamu. Alimtaja mtu.

Alikwenda kwenye jiko la kuni. Vyombo vyote vya moto vilikuwa vimejaa masizi, ila chuma cha kuchokolea makaa. Hicho kiling'aa kama kijiko cha wageni. Alikifunga kwenye mfuko wa ushahidi, kisha akaingia sebuleni.

Ovila Pronovost alikaa chini ya picha za wazee wake, mgongo umenyooka.

"Blouin alikuwa akikuitaje?"

"Pronovost. Sisi hatuna majina ya kupanga. Tuna damu moja, safi."

"Kabla hajafa alimtaja Ladouceur. Unamjua?"

"Simjui, wala simjui huyo mtoto wake."

Upepo ulitikisa vioo vya madirisha.

"Mzee," Inspekta alisema taratibu, "nani kakutajia mtoto?"

Ovila aliutazama mlango. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa.

"Chuma umekisugua vizuri mno," Inspekta aliongeza. "Maabara watapata damu hata hivyo. Sema."

Mzee alishusha pumzi, na mgongo wake ukapinda kwa mara ya kwanza.

"Alikuja kwangu anacheka. Eti Pronovost wa kwanza hakuzaa. Eti aliokota kichanga mlangoni, mtoto wa askari mmoja aliyeitwa Ladouceur, akampa jina lake. Wote sisi tumetoka kwa huyo. Akanipiga bega, 'Karibu nyumbani, Ladouceur!' Nikamwambia anyamaze. Akasema atalitangaza karamuni, watu wacheke."

"Ukamuua kwa sababu ya jina?"

"Si jina!" Ovila alipaza sauti, kisha ikamkatika. "Nina binti, Solange. Alileta mchumba aliyelelewa na masista, aliyeokotwa. Nilimsimamisha kijana wa watu hapo ulipo wewe. Nikamwambia, huna baba, huna jina, hutaingia kwenye damu hii. Binti yangu akaondoka naye. Ana watoto, siwajui hata sura." Alifuta macho kwa kiganja. "Kama na mimi ni wa kuokotwa, Inspekta, mwanangu nilimfukuza kwa nini? Niambie. Nilimfukuza kwa nini?"

Maryvonne alimtia pingu polepole.

Rose-Aimée alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Kila Krismasi Solange alinipigia simu, shemeji," alisema. "Anauliza swali lilelile. 'Baba kalegea?' Na mimi kila mwaka namjibu bado."

Ovila aliinamisha uso juu ya pingu. Kivuko kisingekuja hadi dhoruba itulie, kwa hiyo wote watatu wakakaa palepale, chini ya picha za wazee, kina Ladouceur wote.