Dakika Saba za Mpangaji wa Zohali

Jumamosi ile ukumbi wa wakusanya filamu pale Manchester ulifurika. Hazel Ormerod, gauni la manjano na viatu vyekundu, alishika bango la *Wapangaji wa Zohali*, ile filamu ya kichaa ambamo mama mmoja wa Blackpool anapangisha vyumba kwa watu wa sayari nyingine. Mkono wa mwanamume ukalishika upande wa pili.

"Dada, niachie. Hii filamu naitoa kwenye DVD mwezi wa kumi."

"Niachie wewe. Baba yangu yumo."

"Wapi? Nimeitazama mara arobaini!"

"Kwenye dakika saba zilizokatwa. Marehemu aliirekodi siku ilipoonyeshwa nzima kwenye televisheni. Kaseti ninayo mimi."

Mwanamume yule, Clive Tranter, nusura akae sakafuni. Lakini alichomuuliza Hazel ni iwapo ameshakunywa chai. Wee! Kufika kiangazi walikuwa hawaachani. Kaseti ilipoanza kukwama, Hazel alimkabidhi airekebishe. Akakaa nayo siku nne, akairudisha nzima.

Kisha, kwenye sherehe, mshirika wa Clive akaropoka: "Huyu ndiye binti wa dakika saba? Clive, tumeula!"

Hazel aliondoka bila koti. Clive akapiga simu.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wako ni kaseti! Si umeshainakili? Kaoane nayo!"

Akakata. Alilia wiki nzima, maana alimpenda kwelikweli.

Mwezi wa kumi akainunua DVD, amekaza roho, namba ya wakili mezani. Akatazama mpaka penye ngazi, pale baba yake anaposhuka na uso wa kijani. Picha ikaruka. Baba hayumo. Nyuma ya kasha pameandikwa: "Dakika saba hazimo. Zina mwenyewe." Na mtandaoni mashabiki walikuwa wakimtukana Clive matusi ya nguoni kwa kuzikosa.

Hazel akapiga simu.

"Clive, ulikaa nayo siku nne."

"Ulinipa nitengeneze, Hazel. Hukunipa niitoe."

"Na wanavyokutukana?"

"Watachoka. Mimi nimekukosa wewe, matusi yataniuma nini?"

Hazel akafuta machozi, akacheka.

"Basi njoo uichukue, bwana. Watu wamwone baba yangu."

"Na wewe je?"

"Kaseti haitoki bila mwenyewe. Pitia kwa sonara kwanza."