Milango ya Banda la Gari

Kila asubuhi ya majira ya baridi, nyumba ya Mzee Asankul mjini Naryn iliamshwa na kikohozi cha gari. Lilikuwa gari kuukuu, na usiku betri yake ililala ndani ya nyumba, karibu na jiko la makaa, baridi isiiue. Kulipokucha mzee aliibeba kifuani hadi bandani, akaifunga mahali pake, akamimina maji ya moto kwenye rejeta, kisha akaanza kulibembeleza gari. Mjukuu wake Aizirek, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi moja tu: kuishikilia milango ya banda ibaki wazi, maana komeo la kuizuia isijifunge lilikuwa limevunjika na upepo uliibamiza.

"Usiiachie," babu alimwambia kila siku. "Moshi huu si wa kuvuta."

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama yake Aizirek, Burul, alikuwa ameshakwenda kazini kwenye duka la mikate. Gari liliguna, likanyamaza; likaguna tena, likanyamaza.

"Babu, leo limekufa kabisa!"

"Hebu usilisimange. Likikusikia litazidi kununa," babu alijibu huku akicheka.

Hatimaye injini ikashika. Babu akabaki kwenye usukani, akikanyaga mafuta taratibu isije ikazimika. Vidole vya Aizirek vilikuwa vimekufa ganzi. Nikinywa chai kidogo tu kuna ubaya gani, akawaza. Akaiachia milango. Ikajifunga kwa kishindo. Alisita, kisha akakimbilia jikoni.

Chai ya maziwa na chumvi, kama inywewavyo huko, ilikuwa ya moto, na mkate ulikuwa na siagi. Akakaa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Aliporudi, injini ilikuwa inanguruma vizuri, lakini babu hakuitika alipomwita. Akaivuta milango, moshi ukampiga usoni. Babu alikuwa ameuinamia usukani, mdomo wazi.

"Babu! Babu, amka!"

Jirani yao Dooron alisikia kelele, akaja mbio. Alizima injini, akamkokota mzee hadi nje kwenye theluji, kisha wakamkimbiza zahanati kwa gari lake.

"Ni moyo," Dooron alimwambia Nesi Zuura huku akihema. "Hata mwaka jana alianguka sokoni."

"Alikuwa anawasha gari? Milango ya banda ilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Nimeikuta wazi kwa macho yangu."

Nesi akageukia kabati kutafuta dawa ya moyo. Aizirek akawaza. Akisema, mama atajua, mtaa mzima utajua. Na babu akifa, watasema ni yeye aliyemuua. Akamtazama babu. Pumzi zake zilikuwa zinakuja kwa kukatikakatika.

"Si kweli," akasema, lakini kwa sauti ndogo mno. Hakuna aliyemsikia. Akamshika nesi mkono. "Nesi, milango ilikuwa imefungwa! Niliiachia nikaenda kunywa chai. Niliifungua niliporudi!"

Dooron akamkodolea macho.  Nesi aliacha kabati wazi, akaburuta mtungi wa oksijeni, akamfunika mzee pua na mdomo.

Burul alifika na unga mikononi. Alisimuliwa yote, akamtazama binti yake, kisha akampita na kuketi kando ya mzee. Aizirek alitamani angalau angemgombeza.

Mchana babu akafumbua macho. Alitapika, akashika kichwa, kisha akauliza, "Gari liliwaka?"

"Baba, usinitajie hilo gari!" Burul alisema, akaanza kulia.

Nesi Zuura akawaambia wote, "Moshi wa injini una sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu husinzia tu, asiamke tena. Kuanzia leo, gari lisukumwe hadi nje ndipo liwashwe. Nawe mzee, mtoto si komeo."

"Nimesikia, nesi," babu alijibu kwa aibu.

"Babu, ni mimi," Aizirek alisema akilia. "Niliiachia milango."

"Wameniambia." Babu alimvuta karibu. "Kosa hilo ni kubwa, sitakuficha, na sehemu yake ni yangu. Lakini ungenyamaza, ningetibiwa ugonjwa nisiokuwa nao, nami nisingekuwa hapa kukusikia. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ukweli uliousema leo ndio ulionirudishia pumzi."

 Aizirek alilaza kichwa kwenye kifua cha babu yake, akasikiliza pumzi zake zikiingia na kutoka.