Mstari wa Kijani katika Jicho la Mabaka

Kila asubuhi ya msimu wa kulima, Merina alishika kamba na kuwaongoza maksai shambani, huku baba yake, Mashimba, akifuata na plau. Shule ilianza mchana. Lakini Jumatano ile Mabaka, maksai wa mbele, aliamka jicho moja limevimba na kububujika machozi.

"Bila Mabaka hatulimi," Mashimba alisema, "na mvua za hapa kijijini Michenga hazimngoji mtu."

Siku iliyotangulia, Merina alimchapa Mabaka usoni kwa fimbo ya tete ili aongeze mwendo, ncha ikamwingia jichoni. Hakuna aliyeona.

Bwana mifugo Evaristo alifika kwa baiskeli.

"Shikamoo, bwana mifugo," Merina alisema.

"Marahaba, binti. Mbona umenyong'onyea kuliko mgonjwa?"

Alilitazama jicho, kisha akatoa dawa ya kupaka. "Wiki hii nzi wanawaumiza ng'ombe macho kila zizi. Dawa hii itashusha uvimbe. Ila kama kuna jeraha, itaharibu jicho kabisa. Amechomwa na kitu?"

"Hajachomwa," Mashimba alijibu. "Ni nzi."

Evaristo alifungua kifuniko.

"Usipake!" Merina alipiga kelele. "Nilimchoma mimi, kwa tete!"

Mashimba alimgeukia, macho yamemtoka pima. Evaristo alirudisha dawa mfukoni haraka. "Hata mimi nimekosea. Nilipaswa kupima kwanza. Leteni blanketi."

Alilowesha kikaratasi chenye rangi ya machungwa, akakigusisha jichoni ili rangi ienee. Wakajifunika blanketi wote watatu pamoja na kichwa cha Mabaka, giza likaingia. Evaristo aliwasha tochi yenye kioo cha buluu. Mstari mwembamba kama unywele ukang'aa kijani.

"Hilo ndilo jeraha, rangi imenasa humo," alisema. "Lingetoboa hadi ndani, maji ya jicho yangekuwa yanaisukuma rangi. Tazameni, imetulia. Ni la juu tu. Nitampa dawa nyingine, atapona."

Mashimba alishusha pumzi ndefu, hata Mabaka akatikisa masikio. Wote wakacheka humo humo gizani.

Siku ya saba jicho lilifunguka. Merina alishika kamba, mkono wa pili mtupu, bila tete.

"Kumchapa usoni lilikuwa kosa, ndiyo maana umemkatia majani wiki nzima," baba yake alimwambia. "Lakini ungenyamaza, mwanangu, tungempofua kwa mikono yetu. Ukikosea, sema mapema, dawa ikiwa bado haijapakwa. Haya, twende!"