Faili Lililojibu Ndiyo

Mashine ishirini na tisa ziliuliza maswali kumi na moja kila moja. Ya thelathini, ile nzee nyeusi yenye mikwaruzo ubavuni, iliuliza kumi na manne. Ilias aliiona hesabu hiyo kwenye skrini aliporudi kutoka swala ya adhuhuri, akacheka, akafunga duka.

Kicheko cha nini, jamani? Lakini tumwelewe. Shule moja ya mtaa wa Kigobe ilikuwa imemletea kompyuta za mitumba za kila aina, hakuna iliyofanana na mwenzake. Fundi mwingine wa mtaa wao wa Buyenzi angekaa wiki nzima akipiga Windows, yaani kuisakinisha, mashine moja moja na kujibu maswali yale yale: lugha gani, saa za wapi, diski ifutwe? Ilias aliandika faili moja kwenye flashi, faili la kujibu kwa niaba yake, ili mashine zimalize kazi zenyewe yeye akiwa msikitini. Na kwa kuwa hakujua kila moja itauliza nini, akaongeza mstari mmoja wa uvivu: swali lolote usilolijua, jibu ndiyo.

Jioni ile mkewe, Joëlla, mwenye mimba ya miezi minane, alilalamika kwamba chumba kinanuka nywele zilizoungua. Ilias alitafuta hadi uvunguni, hakuona kitu. Kesho yake ukaja mvumo, kama wa feni ya mashine, ukizunguka ukutani bila kukoma. Siku ya tatu Joëlla alishika tumbo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto hajacheza tangu juzi. Hospitali walisikia moyo ukipiga, wakawaambia warudi kesho kutwa. Hii ilikuwa mimba ya nne, na tatu zilikuwa zimetoka.

Ndipo Ilias akaikumbuka ile hesabu, akakimbia dukani jua la utosi, akafungua ndani ya ile nzee daftari ambamo mashine huandika kila ilichouliza na kila ilichojibiwa, akayapita yale kumi na moja ya Kifaransa aliyoyazoea, na huku feni za zile ishirini na tisa zikianza kuvuma nyuma yake ilhali hakuna hata moja iliyochomekwa, akakuta matatu ya Kiswahili.

Nikae? Ndiyo.

Nikufuate kwako? Ndiyo.

Mutoto ni wangu? Ndiyo.

Shehe Massoudi wa msikiti wa jirani alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkemea.

“Jini haiwezi kuchukua kitu bila kupewa, mwanangu. We uliipa.”

“Si mi, Mwalimu. Ni faili.”

“Faili ni ya nani?”

Shehe akamwambia aipige ile mashine Windows upya, saa ile ile, bila flashi, na akatae kwa kinywa chake mwenyewe.

Kesho yake adhuhuri walifunga mlango. Shehe akawa anasoma Kurani, na yale maswali matatu yakaja. La kwanza Ilias akasema apana, la pili apana, na la tatu lilipotokea ile harufu ikajaa duka zima, ulimi ukawa mzito, feni zote thelathini zikavuta pumzi pamoja naye na kuitoa pamoja naye, naye akashika meza, akalifikiria lile tumbo lililotulia, akalisukuma neno kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

“Apana.”

Feni zikanyamaza. Harufu ikaisha. Shehe akajifuta jasho, akamwambia aende kwa mkewe.

Joëlla alimpokea mlangoni akicheka na kulia, akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. Teke likaja, teke la nguvu. Ilias alilia bila aibu, akamuuliza limeanza lini.

“Sasa hivi tu. Nilikuwa nimelala. Nikamusikia mwenyewe, Ilias, mule ndani, kasauti kadogo. Akaniuliza: mama, nikae?”

Ilias akauondoa mkono tumboni.

“Na we ulisema nini?” akanong’ona.

Joëlla akamtazama kwa mshangao.

“Mama gani atasema apana?”