Nta Juu ya Tangi la Dizeli

Nafula ana mashine ya kusaga unga kule Njiru. Wanawake huleta mahindi kwa ndoo. Nzivo, baba wa watoto watatu, ndiye huendesha injini ya dizeli. Wesonga, mume wa Nafula, hufanya zamu ya usiku kiwandani. Hufika saa tatu asubuhi, macho mekundu.

Mwezi huo wezi walifyonza dizeli ya jirani. Wesonga akaanza kumtazama Nzivo kwa jicho la pembeni. Akayeyusha mshumaa kwenye kopo, akamwaga nta juu ya kifuniko cha tangi. Kabla haijakauka, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabaki alama.

"Alama hii ikivunjika nitajua," alimwambia mkewe.

Alama haikuvunjika. Lakini injini ilianza kusumbua. Nzivo alizungusha hendeli mpaka shati likalowa. Injini ikawaka kwa shida. Ikakohoa, ikapanda, ikashuka, ikazima. Wanawake wakabeba ndoo zao, wakaenda kwingine.

Wesonga alipofika, alivunja nta, akachungulia. Dizeli ilikuwepo. Nzivo akazungusha tena, injini ikanguruma vizuri. Wesonga akapaka nta mpya, akaenda kulala. Kabla ya saa sita, injini ilikuwa inakohoa tena.

Ikawa hivyo siku nne.

"Unaona?" Wesonga alimwambia mkewe. "Nikiwepo, injini ni nzima. Nikiondoka, ni mgonjwa. Huyo anatuharibia makusudi. Jumamosi aende."

"Umemwona akiharibu, Baba Walter?" Nafula alimuuliza mumewe.

"Mwizi haaliki watu wamwone."

Nzivo alikuwa nje ya mlango. Alisikia yote.

Ijumaa, Nafula alimwita Kavinya, fundi wa majenereta kutoka Fedha. Wesonga alimvuta mkewe kando.

"Huyu kwao ni Tala. Nzivo naye kwao ni Tala. Atamfichia."

Kavinya alimsikia. "Injini haijui kwetu, mzee. Simama hapa karibu, uone mwenyewe."

Akamwambia Nzivo awashe. Walingoja mpaka injini ikaanza kukohoa, kisha Kavinya akaizima. Akainama juu ya tangi.

"Nani alipaka nta?"

"Mimi," Wesonga alisema. "Kwa usalama."

"Weka sikio hapa."

Wesonga akaweka sikio. Kavinya akalegeza kifuniko polepole. Fyuuu.

"Hiyo ni nini?" Wesonga alishtuka.

"Tangi linavuta hewa. Lilikuwa na kiu yake." Kavinya aligeuza kifuniko, akachokoa nta kwa sindano. Tundu dogo likaonekana. "Dizeli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Ukinywa soda huku umebana chupa kwa midomo, soda si hugoma?"

"Hugoma," Nafula alijibu.

"Basi dizeli nayo hugoma. Injini inakosa chakula, inakohoa. Ukifungua kuchungulia, hewa inaingia, inapona. Ukipaka nta, inaugua tena."

Wesonga alikitazama kidole gumba chake.

"Lakini kuwaka kwa shida?" Nzivo aliuliza.

Kavinya alimwonyesha nati iliyolegea kwenye bomba. "Tangi likikosa hewa, hewa inanyonywa hapa, inaingia kwenye bomba, dizeli haifiki vizuri." Akaikaza kwa spana. Akaweka kopo chini ya filta, chujio la dizeli, akalegeza skrubu yake. Dizeli ilitoka na povu la hewa. Povu lilipokwisha, akakaza skrubu.

"Injini ikisumbua, anza na tangi. Kuna dizeli? Tundu la kifuniko liko wazi? Kisha filta: kuna uchafu au maji? Kisha hewa kwenye bomba. Binadamu mtamwangalia mwisho."

Nzivo akazungusha hendeli. Mara ya pili tu, injini ikawaka. Mlio ulikuwa sawa, bila kupanda wala kushuka. Waliisikiliza saa nzima, na wanawake wakarudi na ndoo.

Jumamosi ilifika. Nzivo alikuja mapema, akamngoja Wesonga mlangoni, begi lake begani.

"Niende, mzee?"

Wesonga alimpa kijiti alichochora alama za kipimo. "Tutapima dizeli pamoja, nikitoka kazini. Hakuna nta tena. Nzivo, nilikukosea."

Nzivo alikitazama kijiti, kisha akamtazama yeye. "Na hutachungulia nikienda kunywa chai?"

"Nitalala," Wesonga alisema. "Siku nne sijalala vizuri."

Nzivo akashusha begi. Akakagua tundu la kifuniko, akashika hendeli. Nafula alipokea ndoo ya kwanza.