Viwavi wa Wifi

Dobi alifua asubuhi, akaanika mchana, akapiga pasi jioni. Kamba yake ilikuwa fupi, kwa hiyo shuka za wateja alizitandaza juu ya ua wa miti uliozunguka nyumba. Wateja walimsifu, mpaka walipoanza kurudi wakijikuna.

Mmoja alimwambia shuka zake zinawasha kama upupu. Neno hilo likamkaa dobi moyoni. Upupu haujipaki wenyewe, alijiambia, hapa kuna mkono wa mtu. Na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia kwao juzijuzi. Wifi huyo alifanya kazi kwenye kitalu cha miche.

Tangu hapo dobi hakuwa na raha. Wifi akicheka, anacheka nini? Akinyamaza, anaficha nini? Chakula alimpa, lakini nguo za kukunja hakumpa tena. Mumewe alipouliza kulikoni, alimjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akamtaka amtafutie dada yake chumba kwingine.

Asubuhi moja alimkuta wifi kwenye ua, kijiti mkononi, chupa kwapani. Ndani ya chupa walikuwamo viwavi wenye manyoya: wa njano, wa kahawia, na mmoja mweusi kama masizi.

"Leo nimekukamata, wifi," alisema dobi. "Rangi tatu. Kila rangi na kazi yake, siyo?"

Wifi alimtazama asielewe. Alipoelewa, machozi yakamlengalenga.

"Hawa ni aina moja, wifi. Hata watoto wa mama mmoja hutofautiana rangi. Nawatoa kwa ajili yako. Manyoya yao hunasa kwenye nguo, na ngozi za wengine haziyavumilii."

Dobi hakuamini. Kwani mchawi hukiri? Akanyoosha kidole amguse yule mweusi, wifi akaudaka mkono wake. Hawashikwi kwa mikono mitupu, alimwonya. Akamweleza taratibu kwamba nguo zianikwe kwenye kamba, mbali na majani. Zilizokwisha kunasa manyoya zikung'utwe nje, kisha zifuliwe tena. Anayewashwa asijikune. Abandike selotepu pale panapowasha na kuibandua ili manyoya yatoke, halafu anawe kwa maji na sabuni. Yakiingia machoni, au pumzi ikibana, aende zahanati mara moja.

Dobi akafunga kamba ndefu, shingo upande. Wateja wakaacha kujikuna. Lakini yule mweusi bado alimtia wasiwasi. Wifi akaiweka chupa dirishani, akaifunika kitambaa chepesi, akawa anawapa majani mabichi. Dobi aliichungulia kila alipopita.

Viwavi wakajisokotea vifuko vya nyuzi na manyoya yao wenyewe. Baadaye, kwenye kifuko cha wa njano akatoka nondo, kipepeo wa usiku, mweupe. Kwa wa kahawia, mweupe pia. Dobi akamngoja mweusi, akiamini huyo ndiye atakayemuumbua wifi. Akatoka nondo mweupe vilevile, na vidoa vichache mabawani. Dobi aliona aibu mpaka akakosa pa kutazama.

Jioni hiyo mumewe aliingia na habari kwamba chumba cha dada yake kimepatikana. Wifi aliinamisha kichwa. Dobi akachukua shuka iliyokauka, akamnyooshea ncha mbili.

"Hicho chumba wape wengine," alimwambia mumewe. "Wifi, shika huku tukunje."